Kodi na Ndugu Mzima Anayetunzwa Nyumbani

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Webuye si ajabu kukuta mtu mzima anayelishwa na wengine: mama kizee asiyeona, au ndugu ambaye ugonjwa umemwondolea nguvu za kushika jembe. Mzigo huo humwangukia mwenye mshahara, naye huuliza: je, mtoza kodi anauhesabu?

Zamani hakuuhesabu kabisa. Chini ya kanuni za mwaka 1901 kodi ilitozwa kwa kila nyumba, hata mwana aliyemjengea mamaye mjane nyumba yake alijiongezea deni kwa wema wake. Karani alihesabu mapaa, hakuhesabu vinywa. Huku Webuye ikiitwa Broderick Falls, malalamiko ya kodi yalienea Kavirondo yote, na mwaka 1923 kikaundwa chama cha walipa kodi kikiongozwa na Archdeacon Owen.

Kodi ya nyumba imekwisha, lakini swali lingalipo. Nafuu ya mlipa kodi, iliyowekwa kuwa shilingi 2,400 kwa mwezi mwaka 2020, ni moja kwa kapera anayekula peke yake na kwa mwalimu anayewatunza wazee wanne. Agizo la mwaka 2010 nalo lilimsamehe mtu mwenye ulemavu kodi ya shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Hapa ndipo mtu aweza kukosea, akapeleka cheti cha nduguye ili mshahara wake mwenyewe usikatwe. Agizo hilo lilimhusu mwenye mapato, si mtunzaji wake.

Serikali husaidia kwa njia nyingine: mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, na nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, ingawa haufiki mbali dukani.

Marekani, tangu mwaka 2018, humpunguzia mlipa kodi hadi dola 500 kwa mzazi anayemtegemea. Uingereza ilikuwa na nafuu ya namna hiyo, ikaiondoa mwaka 1988.

Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Mwenye ndugu wa namna hii na aende Huduma Centre ya Bungoma, aulize mtunzaji amewekewa nini, kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu ya kodi.