USAFIRISHAJI: Dereva anayekataa mzigo wa ziada ana faida

WAFANYABIASHARA wanaonunua mchele wa Igunga na Nzega, asali, karanga na mbao za Tabora wana kawaida moja wanapotafuta gari. Huuliza kwanza nauli ya tani moja ni kiasi gani, kisha gari litafika lini. Swali la nani atashika usukani huja mwisho, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Wenye uzoefu wa njia hiyo wanajua kuwa hapo hesabu imeanzia pabaya, kwani nafuu ya nauli kati ya gari moja na jingine huliwa yote siku mzigo unapolowa, unapopungua au unapozuiwa kwenye mizani.

Tuanze na mizani. Tangu Machi 1, 2019 Tanzania inatekeleza Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Gari kubwa lenye ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56, pamoja na mzigo wake. Wengi huishia kwenye tarakimu hiyo. Kumbe kila ekseli ina kiwango chake, na gari ambalo jumla yake iko sawa laweza kukwama kwa sababu magunia yamerundikwa nyuma. Linapokwama, mwenye gari hulipa tozo, mzigo hupangwa upya au kupunguzwa, na mteja wa Dar es Salaam hununua kwa mwingine.

Ndiyo maana dereva anayeijua kazi haendi kunywa chai wakati wapakiaji wanapakia. Husimama papo hapo, akahesabu na kuelekeza magunia yaanzie wapi. Lumbesa ni adui yake, maana hati ya mzigo inasema kilo 100 na mabega ya wapakiaji yanasema zaidi. Akiona mzigo umezidi, hukataa kuondoka. Hapa ndipo ugomvi na mwenye mali unapoanzia, na madereva wengi vijana hushindwa, kwa kuogopa kuwa nje ya geti wapo wenzao watano wanaosubiri nafasi hiyo.

Ukaidi wa namna hiyo si mgeni Tabora. Katika karne ya 19, misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na sehemu kubwa ya shehena ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Wako wanaodhani kuwa wote walikuwa watumwa. Wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira kabla ya kuondoka. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vitu vya mpagazi mwenyewe. Waliozidishiwa mzigo au kuharakishwa kupita kiasi waliweza kutua mizigo chini, na mwenye msafara akalazimika kupatana nao upya. Mbele alitembea kirangozi, aliyejua maji yako wapi na mwendo wa siku uishie wapi. Burton na Speke, waliotoka pwani Juni 1857, walitumia siku 134 kufika huku.

Njia hiyo imeacha maneno ambayo madereva wanayatumia hadi leo. Posho ilikuwa chakula cha msafara. Sasa ni fedha anazopewa dereva za kula na kulala. Hongo ulikuwa ushuru wa nguo na shanga uliolipwa kwa watawala wa Ugogo ili msafara upite. Maana yake ya siku hizi kila mwenye gari anaifahamu.

Kati ya Ugogo na Tura lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, lililoogopwa kwa uhaba wa maji. Barabara ya leo ya Manyoni, Itigi, Chaya na Nyahua hadi Tabora inapita upande huo huo. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilometa 85, kilikuwa mtihani wakati wa masika kabla ya kuwekwa lami. Sasa hatari yake ni ya aina nyingine: barabara imenyooka, pori ni refu na usingizi huja bila kubisha hodi. Dereva makini husimama na kulala kabla macho hayajamshinda, hata kama simu ya tajiri inalia.

Wanaopita Nzega na Singida wana Sekenke. Gari linalotoka Dar es Salaam na saruji au sukari huteremka mlima huo kuelekea mbuga ya Wembere. Asiyejua kazi huachia gari lijiendee bila gia ili aokoe dizeli, kisha hutegemea breki peke yake hadi zinapopata moto na kukataa. Anayejua huingiza gia nzito akiwa bado juu, na kushuka polepole huku wengine wakimpigia honi.

Tumbaku inayokwenda viwandani Morogoro inataka uangalifu wa peke yake. Robota likilowa huota ukungu na daraja lake hushuka, wakati mkulima na chama chake walishatoa jasho. Turubai lenye tundu moja linatosha kuleta hasara hiyo.

Lakini wafanyabiashara nao wana lao. Dereva anayepewa posho ya siku mbili kwa safari ya siku nne atatafuta pa kuifidia: atauza dizeli, atabeba abiria juu ya magunia au atachukua mzigo wa pembeni ambao haumo kwenye hati. Kumtaka alale Itigi bila kumlipia kitanda ni kumtaka asilale.

Leseni ya daraja E ni lazima, na mafunzo ya VETA au ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, ni nyongeza nzuri. Baada ya hapo, mwenye mali amtazame dereva kwa nusu saa kabla ya kutoa malipo ya awali. Je, amezunguka gari na kukagua matairi? Amekunjua turubai kutafuta matundu? Amesoma hati ya mzigo na kuhesabu magunia kabla ya kutia saini? Anayetia saini bila kuhesabu atafutiwe mbadala, hata kama nauli yake ni ya chini.