Historia ya Hevi Metali (2): Black Sabbath na chuma cha Birmingham

Wiki iliyopita tulieleza namna bluzi ya Wamarekani weusi ilivyovuka bahari na kuwateka vijana wa Uingereza katika miaka ya 1960. Leo tunaingia Aston, mtaa wa wafanyakazi mjini Birmingham. Hapo, mwaka 1968, vijana wanne waliichukua bluzi hiyo wakaipa uzito ambao haukuwahi kusikika: Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi, Bill Ward wa ngoma na mwimbaji Ozzy Osbourne.

Wengi wameliita kundi hili la kishetani kwa sababu ya jina lake, lililotokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Hukumu hiyo si ya haki. Anayetaka kuuelewa muziki wa Black Sabbath aanze na viwanda.

Birmingham ulikuwa mji wa chuma na magari. Ulipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na watoto waliozaliwa mara baada ya vita, wakiwamo hawa wanne, walikulia kando ya magofu. Kijana wa Aston alipomaliza shule, alichotarajia ni ajira ya kiwandani. Osbourne alifanya kazi machinjioni, na aliwahi kufungwa gerezani kwa wizi.

Iommi alikuwa kwenye kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, aliwekwa kwenye mashine ya kukandamiza mabati kwa kuwa aliyeizoea hakufika. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyobonyeza nyuzi. Madaktari walimkatisha tamaa. Aliyemwinua ni msimamizi wake wa kiwandani, aliyemsikilizisha sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyeungua mkono akabaki akitegemea vidole viwili.

Iommi aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole na kuvivika ngozi. Akafunga nyuzi nyembamba, kisha akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Uzi ukilegezwa, sauti hushuka. Katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo zilipigwa kwa gitaa lililoshushwa nusutoni tatu. Butler naye alishusha besi, na vyombo viwili vikatembea pamoja, polepole, kwa mngurumo mmoja. Leo bendi nyingi za hevi metali hushusha nyuzi kwa kutaka. Iommi alianza kwa sababu ya maumivu.

Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja mwaka 1969, ikatoka Februari 13, 1970. Wimbo wake wa kwanza umejengwa juu ya umbali wa toni tatu kati ya noti mbili, umbali unaoliacha sikio na wasiwasi, likisubiri utulivu usiokuja. Wahakiki wengi waliidharau, wasikilizaji wakainunua. Kabla mwaka haujaisha walitoa Paranoid, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza.

Maneno mengi aliyaandika Butler, aliyelelewa katika Ukatoliki. War Pigs unawalaani wakubwa wanaoanzisha vita na kuwatuma maskini wakafe, wakati huo Marekani ikipigana Vietnam. Children of the Grave unazungumza juu ya vijana na hofu ya bomu la nyuklia. After Forever unawahoji wanaomdharau Mungu. Ushetani uko wapi hapo?

Dawa za kulevya na pombe viliwaumiza sana. Mwaka 1979 Osbourne alifukuzwa, nafasi yake ikachukuliwa na Ronnie James Dio, Mmarekani aliyeimba Heaven and Hell ya mwaka 1980. Lakini mbegu ilikuwa imeshaota. Metallica, waliolitambulisha kundi hilo lilipoingizwa mwaka 2006 katika Jumba la Heshima la Rock and Roll nchini Marekani, ni wanafunzi wake. Soundgarden wa Seattle vilevile. Hata Nairobi metali imepata wenyewe: kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes.

Julai 5, 2025, wale wanne walipiga pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, palepale Aston. Osbourne alifariki Julai 22, akiwa na miaka 76. Urithi wao mkubwa ni kuthibitisha kwamba mtoto wa kiwandani anaweza kuuambia ulimwengu dhiki yake kwa sauti aliyoiunda mwenyewe, pasipo kuomba ruhusa ya wasomi wa muziki.

Wiki ijayo: Judas Priest, kundi jingine la eneo hilohilo, na namna magitaa mawili yalivyoiongezea metali kasi.