Mfuko, tangi au mashine? Kuzoesha Nepenthes hewa kavu

Nepenthes ni mimea inayonasa wadudu kwa mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani. Miche yake mingi hulelewa katika chupa za maabara, kisha vitalu nyumba vyenye unyevu mwingi. Ikifika sebuleni, hewa inakuwa kavu ghafla. Jani lililokulia kwenye mvuke lina ngozi laini na halibadiliki tena. Jani jipya ndilo linalozoea, nalo huchukua wiki kadhaa kukomaa. Basi kabla ya kutoa pesa, jiulize ni njia ipi itaupa mche muda huo kwa bei nafuu.

Mfuko wa plastiki
Gharama ni karibu bure. Funika mche kwa mfuko unaopitisha mwanga, mbali na jua kali lisije likauchemsha. Wiki ya kwanza ufunge. Ya pili toboa matundu machache, kisha uongeze kila wiki kwa mwezi mmoja au miwili. Kagua ukungu kila siku.

Tangi la kioo
Tangi kuukuu la samaki, hata linalovuja, linafaa. Kila wiki sogeza kifuniko kidogo. Huhifadhi miche mingi, ila huenda ukahitaji kununua taa.

Mashine ya unyevu
Mashine ya wati 30 ikiwaka usiku na mchana hula takribani uniti 22 za umeme kwa mwezi. Zile za mawimbi ya sauti, zikitiwa maji ya bomba yenye chumvichumvi, huacha vumbi jeupe kwenye majani, hivyo utanunua na maji yaliyosafishwa.

Aina ya mmea
Chotara Nepenthes × ventrata hutoa mitungi hata kwenye unyevu wa asilimia 50. N. bicalcarata wa mabwawa ya Borneo hutaka joto na mvuke siku zote. Huo usiutoe tangini. Ukiagiza ng'ambo, dai kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwani jenasi yote inalindwa nao.

Uamuzi
Kwa mche mmoja, chagua mfuko. Kwa mitano au sita, tangi. Pesa ya mashine iongeze ununue mche uliokwisha kuzoeshwa. Mitungi ya zamani ikikauka, usiutupe mmea. Ngoja jani jipya: likitoa mtungi mfuko ukiwa wazi, mche umezoea.