Njiwa Anayekosa Punje

Mwagia njiwa mtama asubuhi, kisha mtazame yule aliyejitenga. Analenga punje, anadonoa, mdomo unaangukia kando. Anajaribu tena, anakosa tena. Siku chache baadaye shingo inapinda mpaka kisogo kinaelekea chini, na akishtushwa huzunguka palepale. Kiu haimwishi, na kinyesi chake ni maji matupu.

Mfugaji mmoja atasema ni kideri, ndio mdondo. Mwingine atakwenda duka la dawa za mifugo na kurudi na antibiotiki. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, kwa sababu bakteria wa salmonela naye hupindisha shingo ya njiwa, na antibiotiki humpata. Kirusi cha kideri hakidhuriwi na dawa hizo. Jicho la mfugaji, hata likiwa zoefu namna gani, haliwezi kutenganisha shingo hizi mbili. Maabara inaweza.

Kirusi chenyewe huitwa paramiksovirusi ya njiwa, nacho ni tawi la kirusi kilekile kinachofyeka kuku wa vijijini kwa kideri. Tawi hili lilijitokeza Mashariki ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likasambaa Ulaya pamoja na njiwa wa mashindano. Mwaka 1984 Uingereza ilikumbwa na milipuko 23 ya kideri kwa kuku. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu bandarini Liverpool: njiwa wagonjwa walikuwa wameingia kwenye maghala ya chakula cha mifugo, wakaacha humo vinyesi na mizoga. Maabara ya Weybridge ilitumia kingamwili teule, zile zinazotambua alama moja tu ya kirusi, ikathibitisha kwamba kilichowaambukiza kuku ndicho kilichotoka kwa njiwa. Anayedhani ugonjwa wa njiwa unamhusu mwenye njiwa peke yake na auzingatie mkasa huo, hasa sisi ambao njiwa manga na kuku wetu hula katika ua mmoja.

Kati ya vipimo vya maabara, cha zamani zaidi ni yai, na nakiri kwamba ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Huchukuliwa yai la kuku lenye kiinitete cha siku 9 hadi 11. Ganda hutobolewa tundu dogo, kisha maji yaliyotokana na ubongo, figo au kinyesi cha njiwa huingizwa kwenye kifuko kinachokizunguka kiinitete. Yai hurudi kwenye joto la nyuzi 37. Kila siku mtaalamu hulimulika kwa taa gizani: kiinitete kilicho hai huonyesha mishipa myekundu na hucheza kidogo, kilichokufa hutulia, na mishipa hufifia. Kirusi hakioti hewani, kinahitaji chembe hai za kukizalisha, na yai ni shamba lake.

Maji ya yai hilo huvunwa na kuchanganywa na damu ya kuku iliyosafishwa, kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Pasipo kirusi, chembe nyekundu huzama na kujikusanya chini kama kitone. Ukiinamisha sahani, kitone kinateremka mfano wa chozi. Kirusi kikiwamo, huzishika chembe hizo na kuzifunganisha, zisiweze kuzama, na kishimo kizima hubaki na utando wa rangi ya waridi. Lakini kirusi cha mafua ya ndege nacho hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana hatua inayofuata ni kuongeza kingamwili za kideri: zikiuzuia utando huo, jina limepatikana.

Limebaki swali la ukali. Zamani lilijibiwa kwa kudunga vifaranga wa siku moja ubongoni na kuwahesabia alama kwa siku 8. Nafurahi kwamba sasa mara nyingi inatosha kusoma jeni. Kirusi hiki kina protini ambayo lazima ikatwe ndipo kiweze kuingia kwenye chembe. Ya virusi vipole hukatwa na vimeng'enya vya koo na utumbo tu, kwa hiyo ugonjwa huishia huko. Ya virusi vikali ina mlolongo wa amino asidi unaokatwa na vimeng'enya vilivyotapakaa mwili mzima, hadi ubongoni. Hapo ndipo shingo inapopindia.

Kipimo cha PCR hutoa jibu kwa saa chache, na wengi huiamini kupita kiasi. Kipimo hicho hutafuta kipande maalumu cha vinasaba, na kipande kikiwa kimebadilika, hukipita bila kukiona. Nchini Marekani iligundulika kuwa kipimo kimoja kilichoundwa kwa kufuata virusi vya kuku kilishindwa kuona baadhi ya virusi vya njiwa. Kipimo kilisema hakuna, na kirusi kilikuwamo.

Upo pia mtego wa upande wa pili: kipimo kukiona kirusi ambacho kumbe si chanzo. Kwa miaka mingi makinda ya njiwa wa mashindano Ulaya yalikuwa yakitapika, yakiharisha na kufa, na kila yalipopimwa sakovirusi, kirusi cha aina nyingine, ilionekana. Ilishukiwa sana, ingawa ilipatikana pia kwa njiwa wazima wa afya. Kisha Mei 2016 njiwa wakaanza kufa Australia Magharibi, maini yakiwa yameoza ndani. Humo ikakutwa rotavirusi, aina ya kirusi kilichozoeleka kuwa cha utumbo. Baadaye watafiti wa Ulaya waliyaambukiza makinda yenye afya rotavirusi hiyo, nayo yakaugua ugonjwa uleule wa makinda ya Ulaya. Kama maini yasingepelekwa maabara, mshukiwa angebaki sakovirusi.

Kwa hiyo ukifiwa na njiwa, usimtupe jalalani. Vaa glavu, kwa kuwa kirusi cha kideri huweza kuwasha macho ya binadamu. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye barafu bila kumgandisha, umpeleke siku hiyohiyo bila kumpasua, ili ubongo, figo na ini vyote vifike. Andika umri wake, tarehe aliyochanjwa, maana damu ya aliyechanjwa nayo ina kingamwili, na siku alipoanza kukosa punje.