Figo mpya, moyo ni ule ule

Kama wewe ni shabiki wa raga, jina la Jonah Lomu si geni kwako. Winga huyo wa New Zealand aliyekuwa akiwabomoa mabeki kama ukuta wa udongo alipandikizwa figo mwaka wa 2004. Mnamo 2011 figo hiyo ilifeli, akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Novemba 2015 akafariki, akiwa na miaka 40 tu. Iliripotiwa kwamba ni mshtuko wa moyo uliotokana na maradhi yake ya figo.

Moyo tena? Naam. Figo zikilemaa, maji na chumvi hurundikana mwilini, presha inapanda, na moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Msuli wa upande wa kushoto hunenepa. Usidhani ni kama misuli ya jimu. Huu ukinenepa hukakamaa, na mwishowe huchoka.

Sasa habari njema. Ukipata figo inayofanya kazi, maji ya ziada yanatoka na sumu inapungua kwenye damu. Kwa wagonjwa wengi, baada ya miezi kadhaa msuli huo huanza kurudi karibu na unene wake wa kawaida. Hata baadhi ya walioambiwa moyo wao ni dhaifu huuona ukipata nguvu tena. Ndiyo maana unapanda ngazi bila kuhema, ukajiambia, basi, nimepona.

Hapo ndipo vijana wengi huteleza. Unajisikia fiti, kliniki ni mbali, nauli nayo imepanda. Lakini dawa zinazozuia mwili kuikataa figo zina mambo yake. Prednisoloni huongeza hamu ya kula, uzani, sukari na presha. Takrolimusi nayo hupandisha presha na inaweza kuleta kisukari kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Siklosporini huongeza mafuta kwenye damu. Yote hayo ni mzigo kwa moyo.

Je, uziache? La hasha! Ukiziacha, figo inaenda, na moyo unarudi kule kule ulikotoka. Daktari ndiye anayeweza kupunguza kipimo au kukubadilishia dawa, wala si rafiki yako wa mtaani au muuza mitishamba. Balungi pia liepuke, kwani huongeza kiwango cha takrolimusi kwenye damu. Ukiumwa na kichwa, usikimbilie ibuprofeni. Inaumiza figo na kupandisha presha.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumziwi sana: ule mshipa wa mkono uliotengenezwa kwa ajili ya mashine, wenyewe wanauita fistula (si ile ya akina mama baada ya kujifungua). Damu hupita hapo kwa kasi mno, na moyo unafanya kazi ya ziada usiku na mchana. Wengine hufungwa mshipa huo baada ya kupandikizwa, wengine huachiwa ili usaidie figo ikifeli. Uliza kuhusu wako.

Presha yako inafaa kuwa chini ya 130 kwa 80. Mashine ndogo ya kuipimia nyumbani ina faida kuliko viatu vipya, ukiniuliza mimi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu pia ile iliyo kwenye soseji na chipsi za kibandani. Sigara, sahau kabisa. Kutembea ruksa, hata mpira unaweza kurudia ukiruhusiwa, ila uikinge sehemu ya tumbo ilipo figo.

Na ukihisi kifua kinabana, pumzi inakatika au miguu inavimba, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kabla hujaandikiwa dawa yoyote, waambie kwamba figo uliyo nayo ni ya kupandikizwa.