Sauti Nje ya Ukanda: Meja Notcutt na Kiswahili cha Filamu za Vugiri, 1935–1937

Miongoni mwa watu wa mwanzo kutumia Kiswahili katika filamu ni Meja L. A. Notcutt, mwanajeshi wa zamani aliyesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki kabla ya kugeukia kamera. Mnamo 1926 alianza kuiona sinema kuwa njia ya kuwafanya manamba waridhike na kazi. Shabaha hiyo, ambayo haikuwa ya kisanaa hata kidogo, ndiyo iliyomfikisha Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, kati ya 1935 na 1937, yeye na G. C. Latham waliendesha mradi wa sinema ya elimu kwa Wabantu, kwa fedha zilizotoka hasa katika Shirika la Carnegie la New York. Zilitengenezwa filamu 35, zikiwamo za ugonjwa wa safura, kodi, mmomonyoko wa udongo, na hata hadithi ya sungura na chui.

Kinachomhusu mwanaisimu zaidi ni sauti. Haikutiwa katika ukanda wa filamu, bali ilirekodiwa katika santuri, ili picha zilezile ziweze kuelezwa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiluo au Kinyanja kwa kubadilisha santuri tu. Kwa upande wa gharama, mpango huo ulikuwa wa busara. Kwa upande wa lugha ulikuwa na kasoro, kwani ulichukulia kwamba maelezo yaleyale huchukua muda uleule katika kila lugha. Neno moja la Kiswahili kama “hawakutuandikia” hubeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na kauli. Lugha nyingine huhitaji maneno kadhaa, na picha haimsubiri msemaji. Tena, kwa sehemu kubwa, walioonekana katika picha walisemewa na msimulizi.

Wasemaji wa lugha ndogo, kwa mfano Kibende na Kipimbwe katika eneo la Mpanda, hawakutengewa santuri yao. Kwao, ujumbe wa Vugiri ungeweza kufika kwa Kiswahili tu, na hapo sinema ilikisaidia Kiswahili kuenea bila ya kukusudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mhusika alipewa kinywa chake. Katika filamu ya Muhogo Mchungu, mhusika mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, naye alizungumza Kiswahili mbele ya kamera. Baadaye Kawawa akawa Waziri Mkuu, kisha Waziri wa Ulinzi: njia iliyo kinyume kabisa na ile ya Meja.