Spika Zisizo na Waya: Kosa Liko Wapi?

Kisa ninachotaka kuwasimulia wasomaji wa jarida hili kilitokea nyumbani kwangu, Dar es Salaam, wala sikisimulii kwa kujivuna, maana aliyekosea ndani yake ni mimi mwenyewe. Tulinunua seti ya spika za kutazamia filamu: tatu za mbele, moja kubwa ya sauti nzito, na mbili ndogo za nyuma ambazo hazina waya wa kuziunganisha na kikuza sauti. Siku za kazi, tulipokaa watu wanne tu sebuleni, mvua ya ndani ya filamu ilisikika ikinyesha nyuma ya visogo vyetu kama ilivyokusudiwa. Lakini kila Jumapili, walipofika ndugu na watoto wao, spika za nyuma zilianza kukatakata, kisha zikanyamaza kabisa.

Nilizipeleka kwa fundi mmoja kijana wa Kariakoo, pamoja na kijisanduku chake cha kurushia mawimbi. Akakaa nazo siku tatu, akanirudishia akisema, "Mwalimu, spika hizi ni nzima. Je, huko nyumbani zimekaaje?" Sikulijibu swali lake. Jumapili iliyofuata zilikatika tena. Nikasema mbele ya wageni kwamba fundi yule hajui kazi, na ujira wake wa ukaguzi sikumpelekea. Basi mtu aliyesomea mawimbi ng'ambo hata akapewa shahada ya udaktari alimhukumu mtu aliyeuliza swali ambalo mwenye shahada ndiye aliyepaswa kuliuliza. Makala haya yaeleza maana ya swali lile.

JINA LISITUDANGANYE

Spika "isiyo na waya" si kitu kisicho na waya hata kidogo. Aghalabu ina waya wa umeme unaochomekwa ukutani, kwa sababu nguvu ya kutikisa kiwambo chake haina budi kutoka mahali fulani. Kilichoondolewa ni ule waya mmoja uliokuwa ukibeba sauti kutoka kwenye kikuza sauti. Mahali pake pamewekwa redio ndogo: kirusha mawimbi karibu na televisheni, na kipokea mawimbi ndani ya kila spika ya nyuma.

Sauti haisafiri hewani kama ilivyo. Kwanza hugeuzwa kuwa tarakimu. Katika mitambo mingi hupimwa mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Mwanafunzi akizidisha ataona kwamba spika moja huhitaji tarakimu 768,000 kwa sekunde, na mbili huhitaji 1,536,000. Tarakimu hizi hufungwa katika vifurushi na kurushwa kimoja baada ya kingine. Kifurushi kikipotea, mtambo hujaribu kuliziba pengo, aghalabu kwa kukituma tena. Vikipotea vingi mfululizo, spika hukosa la kusema. Ndiyo maana spika ya namna hii haififii polepole kama redio ya zamani. Huimba vizuri mpaka ukingoni kabisa, kisha hukatika ghafla.

Kwa hiyo, ili sauti isikike nyuma ya kiti, mambo manne hayana budi kuwa mazima kwa pamoja: umeme, chanzo cha sauti, spika yenyewe, na njia ya hewani. Fundi aliweza kukagua spika na kirusha mawimbi juu ya meza yake. Njia ya hewani niliiacha nyumbani, kwani haibebeki.

WIMBI NA KIVULI CHAKE

Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alichapa nadharia iliyoonyesha kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Kati ya mwaka 1886 na 1888 Heinrich Hertz, akiwa Karlsruhe katika Ujerumani, alithibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya namna hiyo yaweza kurushwa na kupokewa kwa vyombo vya umeme. Mawimbi ya redio na mwanga ni ndugu wa tumbo moja: yote huenda mwendo wa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Tofauti yao ni urefu wa wimbi, na urefu huo ndio ufunguo wa kisa chetu.

Spika nyingi zisizo na waya hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.4, yaani mitetemo 2,400,000,000 kwa sekunde. Tukigawanya mwendo kwa masafa, meta 300,000,000 kwa 2,400,000,000, twapata urefu wa wimbi wa meta 0.125, sawa na sentimita 12.5. Sasa linganisha na redio ya FM ya megahezi 100, ambayo wimbi lake lina urefu wa meta 3. Wimbi refu humzunguka mtu kama wimbi la bahari linavyoizunguka nguzo ya gati. Wimbi la sentimita 12.5 likikutana na kiwiliwili cha mtu mzima hukuta kizuizi kipana kuliko lenyewe, likaacha kivuli nyuma yake.

Tena kizuizi hicho si kikavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na maji hufyonza nguvu ya mawimbi haya. Tanuri la maikrowevu la jikoni hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.45, nalo hupasha chakula moto kwa sababu hiyo hiyo. Msomaji asiogope: tanuri hutumia mamia ya wati yaliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, hali kirusha mawimbi cha spika aghalabu hakizidi sehemu ya kumi ya wati moja. Hakiwezi kumpasha mtu moto. Lakini mtu aweza kukinyima njia.

Chuma nacho kina vituko vyake. Nondo za dirisha, friji na kabati la bati hurudisha mawimbi kama kioo kirudishavyo mwanga. Wimbi lililorudishwa likikutana na lile lililokuja moja kwa moja, yaweza kutokea mahali ambapo kilele cha moja huangukia bonde la jingine, yakapunguzana nguvu. Mahali pa namna hiyo ni padogo, kwa hiyo wakati mwingine kuisogeza spika sentimita tatu au sita tu huponya maradhi ambayo vipuri vipya visingeyaponya.

KUTAFUTA KOSA KWA UTARATIBU

Mtu akikumbwa na hitilafu hubonyeza kila kitufe kwa mkupuo. Huenda akafanikiwa, lakini hatajua ni kipi kilichomponya, na kesho kosa likirudi atakuwa mjinga vilevile. Kanuni ya maabara ndiyo kanuni ya sebuleni: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha andika ulichokiona. Mpangilio ufuatao waanza na yaliyo rahisi.

1. Umeme. Je, taa ya spika inawaka? Jaribu tundu jingine la ukutani, bila kupitia kamba ya kugawia umeme. Chomeka pia taa ya meza katika tundu lile lile. Isipowaka, spika haina hatia.

2. Muungano. Katika seti nyingi taa inayowaka bila kupepesa maana yake spika imempata mwenzake, na inayopepesa maana yake ingali ikimtafuta. Lakini kila mtengenezaji ana desturi zake, kwa hiyo kijitabu kisomwe. Umeme ukikatika na kurudi, wakati mwingine muungano hupotea. Zima vyote, ngoja dakika moja, washa kikuza sauti kwanza, ndipo uwashe spika.

3. Chanzo. Matangazo mengi huletwa kwa njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Spika za nyuma zikinyamaza hapo, huenda hazina cha kusema. Hali kadhalika, televisheni iliyowekwa kwenye mpangilio uitwao PCM na kuunganishwa kwa waya wa mwanga hupeleka njia mbili tu. Vikuza sauti vingi vina sauti ya majaribio inayozunguka kila spika kwa zamu. Ikisikika nyuma, hali filamu haisikiki, kosa limo katika chanzo au mipangilio yake.

4. Spika yenyewe. Badilishana mahali, ile ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Kosa likihama pamoja na spika, spika ni mgonjwa. Kosa likibaki pale pale, mgonjwa ni mahali. Hakuna jaribio rahisi kama hili lenye jibu la wazi kama hili.

5. Njia ya hewani. Chunguza kilichomo kati ya kirusha mawimbi na spika: watu, chuma, ukuta wa zege lenye nondo. Chunguza pia majirani wa masafa: kifaa cha Wi-Fi, simu, tanuri la maikrowevu. Kifaa cha Wi-Fi kilichoegeshwa ubavuni mwa kirusha mawimbi kisogezwe meta moja au mbili.

Sanduku la spika lisifunguliwe na asiye fundi. Ndani mna sehemu zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

WAGENI NA KAPU LA SIMU

Hatimaye niliona haya, nikaamua kuyafuata mwenyewe niyafundishayo. Hatua nne za kwanza hazikuonyesha kosa. Sauti ya majaribio ilizunguka vizuri, na kubadilishana spika hakukuleta tofauti. Zikabaki dhana tatu zilizoweza kueleza kwa nini Jumapili tu: tanuri la jikoni, ambalo siku hiyo halipumziki; simu za wageni; au wageni wenyewe.

Siku ya kazi niliweka kikombe cha maji ndani ya tanuri, nikaliwasha huku filamu ikiendelea. Spika hazikutikisika, kwani jiko letu liko nyuma ya kuta mbili. Dhana ya kwanza ikaanguka, ingawa katika nyumba nyingine ingeweza kusimama.

Jumapili niliwaomba wageni watoke barazani kidogo. Kabla hawajainuka, binti yangu wa kidato cha tatu aliniuliza, "Baba, wakitoka na simu zao, utajuaje kama ni wao au ni simu?" Swali hilo lilistahili alama zote. Tukaleta kapu, simu zote zikawekwa humo zikiwa zimewashwa, na kapu likabaki katikati ya sebule. Watu walipotoka, sauti ikarudi safi, hali simu zilikuwa bado ndani. Waliporudi na kuketi, watoto mkekani mbele ya televisheni na wakubwa vitini, spika zikakatika. Tukazima simu zote, zikaendelea kukatika. Tulirudia mara tatu, na jibu likawa lile lile.

Kirusha mawimbi chetu kilikuwa juu ya meza fupi, chini kuliko vichwa vya watoto, na spika za nyuma zilikuwa juu ya vigoda, chini ya migongo ya viti. Mawimbi yalitakiwa kupenya safu mbili za watu. Tulikipandisha kijisanduku juu ya kabati, meta mbili kutoka sakafuni, na spika tukazitundika ukutani kwa kimo hicho hicho. Tangu siku hiyo wageni wamekuja, na mvua imenyesha nyuma yao bila kukatika.

SAUTI INAYOCHELEWA

Liko kosa jingine lisilokatiza sauti bali huivuruga: kuchelewa. Kufunga vifurushi na kuvifungua huchukua muda. Baadhi ya spika za Bluetooth za kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Sauti huenda karibu meta 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi. Basi kuchelewa kwa milisekunde 100 ni sawa na kuiweka spika umbali wa meta 34. Mlango utafungwa mbele yako, kisha utafungwa tena nyuma yako! Vikuza sauti vingi vina mpangilio wa kurekebisha umbali wa kila spika; pima kwa futi kamba kutoka kwenye kiti chako, usikisie. Na spika za nyuma zikae ubavuni na nyuma kidogo, karibu nyuzi 110 kutoka mstari unaotazama televisheni.

JARIBIO LA SHULENI

Walimu waweza kulifanya somo hili kwa simu moja na spika ndogo ya Bluetooth, ambayo nayo hutumia gigahezi 2.4. Nendeni uwanjani, mbali na kuta, ili mawimbi yaliyorudishwa yasizibe kivuli. Wekeni simu juu ya kiti ikicheza muziki. Mwanafunzi aichukue spika, arudi nyuma polepole mpaka sauti ikatike, kisha umbali upimwe. Rudieni wanafunzi watano wakiwa wamesimama bega kwa bega mbele ya kiti. Rudieni tena mwanafunzi mrefu akiwa amesimama juu ya kiti na kuinua simu juu ya vichwa vya wenzake. Kila kipimo kichukuliwe mara tatu, na wastani uandikwe katika jedwali. Kisha jibuni: spika ya gigahezi 5.8 ina wimbi lenye urefu gani, na je, msongamano wa watu ungeisumbua zaidi au kidogo kuliko ile ya 2.4?

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Kariakoo na ujira niliokuwa nimeuzuia. Nilimweleza fundi habari za kapu na kabati. Alicheka, akasema juu ya meza yake hapaketi wageni. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wake, kama nilivyomlaumu mbele ya wageni wangu. Kusema kwamba kitu ni kizima, baada ya kukikagua, ni kazi kamili ya ufundi, nayo yastahili malipo. Na anayeuliza kitu kimekaaje ameanza kufanya sayansi, awe na shahada au asiwe nayo.